Mlimani hakuna kiatu cha 'atakulia humo'

Wazazi wengi waliolelewa Afrika Mashariki wanaijua kanuni ya kiatu cha mtoto. Nunua kikubwa kwa nambari mbili, sokomeza karatasi mbele, mtoto atakulia humo humo. Kiatu cha shule kilichonunuliwa Januari kilitakiwa kifike Januari nyingine, na kikiwa bado kina soli, kimwendee mdogo wake. Haukuwa ubahili. Ilikuwa hesabu ya nyumba yenye watoto watano na mshahara mmoja.

Kanuni hiyo ilisafiri pamoja na mama mmoja, muuguzi kutoka Wundanyi katika milima ya Taita, alipohamia Keswick, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikwenda na binti yake wa miaka 11. Kwa viatu vya shule, kanuni ilifanya kazi kama ilivyofanya nyumbani. Ilikwama binti alipoanza kukimbia mlimani.

Keswick imezungukwa na milima, na wenyeji huiita milima yao fell, neno lililoachwa na walowezi kutoka Skandinavia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kukimbia juu ya milima hiyo ni mchezo wa watu wa kawaida, wakulima, walimu na watoto wao, na una chama chake tangu mwaka 1970. Hakuna lami. Mkimbiaji hupita kwenye nyasi, matope, mawe yaliyolegea, vijito na vijia vya kondoo, na mara nyingi hujichagulia mwenyewe njia kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Binti huyu alikuwa na miezi mitano katika shule mpya, na alikuwa akizungumza kidogo sana. Akirudi nyumbani alisema siku ilikuwa nzuri, basi, akaingia chumbani. Kwa hiyo jioni moja aliposema kwamba msichana wa darasa lake amemkaribisha kwenye mazoezi ya klabu ya watoto, mama hakuuliza mengi. Alifurahi tu kwamba kuna mtu amemwita.

Wala hakuona cha kuogopa. Kilele cha Vuria, kule kwao Taita, kina mita 2,208. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 978. Latrigg, kilima ambacho watoto wa Keswick huanzia, kina mita 368 tu. "Mama, hivi ni vilima vya kuchungia mbuzi," alimwambia mama yake kwa simu, na bibi kizee akacheka kule Wundanyi.

Binti alipelekwa mazoezini na raba zake nzuri za barabarani, zilizonunuliwa kwa bei ya punguzo. Zilikuwa nambari 5. Mguu wake ulikuwa wa nambari 3.

Wiki ya kwanza alirudi na lengelenge kisiginoni. Wiki ya pili, malengelenge mawili. Wiki ya tatu mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na mtoto aliteremka sehemu kubwa ya Latrigg kwa makalio. Alifika nyumbani goti limechubuka, na alipovua soksi, kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

"Mama, sirudi tena," alisema.

Mama alimwambia ajikaze, miguu itazoea. Ndipo mtoto akatoa lililokuwa moyoni. Maumivu si kitu. Ila kila wakishuka, wenzake wote husimama chini wakimsubiri yeye. Darasani anasubiriwa amalize kusoma kwa lafudhi yao, kwenye foleni ya chakula anasubiriwa aelewe jina la chakula, na sasa mlimani pia anasubiriwa.

Mama aliosha zile soksi usiku huo bila kusema neno.

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kumweleza kocha kwamba mtoto anaacha. Kocha, mama wa makamo aliyekimbia milima hiyo tangu ujana, hakubishana. Aliomba kuona viatu. Alibonyeza mbele kwa kidole gumba, kikazama kwenye nafasi tupu. Akamwambia mtoto asimame, akapitisha vidole viwili nyuma ya kisigino bila shida. Akageuza soli, ambayo ilikuwa laini kama ya kutembelea sebuleni. Kisha akasema kwamba huyu mtoto hana tatizo lolote la kukimbia. Amekuwa akishuka mlima ndani ya ndoo mbili.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na kiatu cha mlimani hupimwa kwenye hiyo ngoma. Mtu anapopanda, kiatu kikubwa humvua kisigino kila hatua, na msuguano huo ndio unaoleta malengelenge. Anaposhuka, uzito wote wa mwili husukuma mguu mbele. Kama hakuna kinachoushika katikati, vidole hugonga mbele mara mia kadhaa katika mteremko mmoja, na kucha huvilia damu. Baya zaidi, mguu unaoteleza ndani ya kiatu haujui uko wapi. Mtoto anahisi hilo hata kama hawezi kulieleza, ndiyo maana anakaa chini na kuteremka kwa makalio. Si uoga. Ni mwili unaojilinda.

Kwa hiyo kiatu cha mlimani huvaliwa kikiwa kimeshika zaidi kuliko raba ya barabarani. Kisigino kisicheze. Sehemu ya katikati ya mguu ikumbatiwe bila kubanwa. Mbele, vidole vipate nafasi ya kujinyoosha na kutawanyika, lakini nafasi hiyo ni ya upana wa kidole, si ya mwaka ujao.

Soli nayo ina mambo yake. Kiatu cha matope na nyasi zenye maji huwa na meno marefu, milimita 6 hadi 8, yaliyoachana ili tope lisigande katikati. Kwa njia ngumu na miamba, meno mafupi na mpira laini unaong'ang'ania hufaa zaidi. Kiatu chenyewe hukaa chini karibu na ardhi. Soli nene kama mto hupendeza dukani, lakini kwenye mlima ulioinama pembeni humwinua mtu na kumrahisishia kifundo kupinduka.

Mama aliuliza kuhusu viatu visivyopitisha maji, maana nchi hiyo hainyimwi mvua. Kocha alitikisa kichwa. Maji ya mlimani huingia kwa juu, mguu ukizama kwenye tope au kijito. Kiatu kisichopitisha maji kikishajaa hubaki kimejaa. Kiatu chepesi kinachovuja hutoa maji kwa hatua chache.

Jumamosi walikwenda dukani kuangalia bei. Cha mtoto kilikuwa na bei ya kumfikirisha mzazi, na cha mtu mzima kilizidi pauni 100. Mwezi huo mama alikuwa amepanga pesa za upasuaji wa mtoto wa jicho wa mama yake. Alipiga hesabu mara mbili. Kununua kiatu kinachotosha leo maana yake ni kununua kingine kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu mguu wa mtoto wa umri huo haukai. Walitoka dukani mikono mitupu.

Klabu hiyo, kama klabu nyingi za watoto, ina sanduku la viatu vilivyoachwa na waliokua. Kocha alilitaja kwa upole, na mama akakataa kwa upole. Hakuvuka bahari ili mtoto wake avae mtumba. Alifikiri wazazi wengine wangesema nini: yule mgeni, mtoto wake amevalishwa sandukuni.

Jioni alimsimulia mama yake kwa simu. Bibi kizee alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani wewe mwanangu ulifanya mtihani wa darasa la nane na viatu vya nani?"

Vilikuwa vya binamu yake. Na vilimtosha barabara, ndiyo maana anavikumbuka.

"Basi mpe mjukuu wangu kiatu," bibi alisema. "Jicho langu halijaota miguu, halitakimbia."

Kupima kiatu kulifanyika jioni, baada ya mazoezi, na si kwa bahati. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda na kadiri mtu anavyokimbia, hivyo kiatu kinachotosha asubuhi huweza kubana saa moja baadaye mlimani. Binti alivaa soksi zile zile anazokimbilia. Alisimama wima miguu ikipimwa, kwa maana mguu wa mtu aliyeketi ni mfupi kuliko wa mtu aliyesimama. Ikaonekana wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, jambo la kawaida kwa watu wengi. Kiatu hufuata ule mrefu.

Alijaribu jozi nne. Ya kwanza ilikuwa na nambari sahihi lakini ilimbana kwenye kidole kidogo. Ya pili ilikuwa pana vizuri, kisigino kikacheza. Ya tatu ilionekana sawa mpaka aliposhuka ngazi za ukumbi kwa kasi, na vidole vikagonga. Ya nne, nambari 3 na nusu, ya rangi ya machungwa na iliyochanika kidogo ubavuni, haikugonga popote. Kocha alimwonyesha kufunga kamba upya, kwa kutumia lile tundu la mwisho karibu na kifundo ambalo wengi huliacha, ili kisigino kikae. Akamwambia mama amkate kucha fupi kila wiki. Bei ilikuwa moja tu: vikimbana, virudi sandukuni vikiwa safi.

Wiki hiyo mtoto alishuka Latrigg kwa miguu. Hakuwa wa kwanza. Alifika chini wenzake wakiwa bado wanakunywa maji.

Yaliyobaki yalimhusu mama mwenyewe. Kila Jumatano alikuwa akikaa kwenye gari saa nzima, kioo kikifanya ukungu, akisubiri. Kundi la wazazi lilikuwa likipanda taratibu nyuma ya watoto. Baada ya kualikwa mara ya tatu, alishuka garini.

Alidhani atakutana na watu wanaokimbia mpaka kileleni. Alikuta watu wanaotembea. Kwenye mwinuko mkali hata mabingwa hutembea, mikono imeshika mapaja, hatua fupi, pumzi zikihesabiwa. Wanaoanza huambiwa wasahau kilomita na wahesabu dakika: nusu saa mlimani, kisha dakika 40, kisha saa. Kwenye kushuka huambiwa wasiegemee nyuma, maana anayeegemea nyuma huteleza. Magoti yalegee, hatua ziwe nyingi na ndogo, macho yatazame hatua tatu nne mbele, wala si vidole vya miguu.

Wazazi wale walimsimulia habari za eneo hilo. Mwaka 1932 Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni hapo hapo Keswick, alizunguka vilele 42 bila kumaliza saa 24, miguuni akiwa na raba za tenisi. Ilipita miaka 28 kabla ya mtu mwingine kuweza. Joss Naylor, mfugaji wa kondoo wa bonde la Wasdale aliyefariki mwaka 2024, aliingia mashindano yake ya kwanza mwaka 1960 na buti zake za kazi, na mwaka 1975 akapita vilele 72 chini ya saa 24. Naye mama hakukosa la kuwajibu. Bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2017 kule Italia, na tena mwaka 2018 kule Andorra, alikuwa Mkenya, Lucy Wambui Murigi. Binti yake hakuwa akilijua jina hilo. Usiku huo alitafuta video zake mpaka akaambiwa azime simu.

Tatizo la mama lilikuwa upana. Alitembea pekupeku mpaka darasa la sita, na watafiti waliopima miguu ya watu waliokua bila viatu wamekuta kwamba sehemu ya mbele huwa pana kuliko ya waliovaa viatu tangu utotoni. Viatu vingi vya kike dukani vilimbana mbele, na kwa miaka mingi alikuwa amejitibu kwa kupanda nambari. Yaani alikuwa akijifanyia kile kile alichomfanyia mtoto: anapata upana, lakini anabaki na urefu asiouhitaji, na akishuka mlima mguu unateleza.

Aliondokana nalo kwa kuuliza. Zipo kampuni zinazotengeneza kiatu kimoja kwa upana tofauti, na viatu vya kiume vya urefu ule ule mara nyingi huwa vipana zaidi. Alijaribu jozi sita, akatembea nazo kwenye ubao ulioinama ulio dukani, akachukua za kiume, nyeusi, zisizo na urembo wowote. Hakuzinunua mwezi huo. Zilisubiri miezi miwili, mpaka pesa za jicho zilipofika Kenya na bibi kizee akafunguliwa bandeji.

Pia alijifunza kutoyadharau mapafu ya mlima mfupi. Urefu wa mlima si ndio unaoua watu huko. Ni baridi, upepo na ukungu unaoweza kufunika kilele kwa dakika chache, wakati jua lilikuwa linawaka bondeni. Mtu aliyelowa na kuchoka hupoteza joto haraka hata mwezi wa Juni. Kwa sababu hiyo waandaaji wa mbio huweza kumdai kila mkimbiaji abebe nguo za mvua za mwili mzima, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura. Ipo pia sheria ambayo mama aliipenda kuliko zote: anayejitoa mbioni lazima aende mwenyewe kuripoti kwa waandaaji. Asiporipoti, watahesabu kwamba bado yuko mlimani, na watu wa kujitolea wa kikosi cha uokoaji wataacha chakula chao cha jioni na kwenda kumtafuta gizani.

Kwa watoto, chama kimeweka ukomo wa umbali kwa kila umri, ili mtoto asibebeshwe mlima wa mtu mzima. Kwa watu wazima, mbio hupangwa kwa herufi na urefu. Zenye herufi A zina wastani wa mita 50 au zaidi za kupanda kwa kila kilomita. Zenye C zina mita 20. Fupi ni zile zisizozidi kilomita 10. Mama alichagua C fupi kwa mara yake ya kwanza, akamaliza wa tatu kutoka mwisho, na akala kipande cha keki kijijini na matope mpaka magotini.

Binti naye alikimbia mbio za watoto mwezi wa Mei. Kwenye mpando alikuwa nyuma kama kawaida yake, akitembea, mikono mapajani. Kwenye mteremko aliachia miguu. Aliwapita watoto wanne, mmoja wao yule msichana aliyemkaribisha, na alipovuka mstari aligeuka kumtazama anakuja. Alimsubiri.

Mzazi anayetaka kumwanzisha mtoto katika mchezo huu, au kujianzisha mwenyewe, hana haja ya kuanza na jina la kampuni. Aanze na mguu. Aupime umesimama, jioni, ndani ya soksi za mchezo. Ajaribu kushuka, si kutembea tambarare. Mguu wa mtoto aukague kila miezi miwili au mitatu, na asiulize tu kama kiatu kinabana, kwa sababu mtoto anayejua bei ya vitu nyumbani atasema hakibani. Aguse mwenyewe mbele na nyuma. Kiatu kikilowa, akijaze magazeti makavu na kukiacha mbali na moto au hita, kwa kuwa joto kali hukausha mpira na kuachanisha gundi. Na kama pesa hazitoshi, aulize klabu. Kiatu cha mtoto wa mlimani mara nyingi humalizwa na mguu kabla ya kumalizwa na mawe.

Kufikia Septemba zile raba za machungwa zilikuwa zimeanza kumbana binti kwenye kidole gumba. Mama aligundua kwa kidole chake, mtoto hakuwa amesema kitu. Walizisugua kwa brashi ya kufulia, wakazishona pale ubavuni, wakazikausha kwa gazeti na kuzirudisha. Kwenye sanduku palikuwa na jozi ya nambari 4 na nusu, ya buluu. Binti aliijaribu, akapanda ngazi za ukumbi, akashuka mbio mara mbili, akarudi na jibu.

"Inacheza kisigino, Mama. Kuna ya 4?"